Upasuaji "Nilioupanga" na Nusu ya Mshahara Wangu

Mshahara wangu uliokatwa nilipokwenda kupasuliwa umekwisha kurudi wote mikononi mwangu, hadi shilingi ya mwisho, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ushauri niliopewa ilikuwa ya kunipoteza, ninaandika jinsi mambo yalivyokwenda. Ninafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza, upande wa ufungashaji, ambako zamu nzima mtu husimama kwa buti za mpira juu ya sakafu yenye maji na kunyanyua trei za minofu kuziingiza katika chumba cha ubaridi. Kwa muda wa miaka 2 nilifanya kazi hiyo nikiwa na uvimbe katika kizazi, nikitokwa na damu nyingi kila mwezi, nikiahirisha upasuaji kwa sababu moja tu: niliogopa kukosa mshahara.

Daktari alipoamua kwamba nifanyiwe upasuaji, wingi wa damu yangu ulisoma 7. Akaniandikia vidonge vya kuongeza damu, akaniambia kwamba hawezi kunipeleka chumba cha upasuaji kabla damu haijapanda, na akanipa tarehe ya wiki kadhaa mbele. Ninalieleza jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililogeuzwa kuwa kosa langu. Tarehe haikuwekwa kwa ajili ya starehe yangu, bali kwa sababu mgonjwa mwenye damu pungufu huongezewa kwanza, ndipo apasuliwe.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa unyenyekevu, nikamwomba mwajiri "likizo kwa ajili ya upasuaji nilioupanga mwezi ujao." Niliandika hivyo kwa nia njema, nikidhani kwamba kumtaarifu mapema ni uungwana, maana ingemwezesha kumpanga mtu mwingine katika zamu yangu. Afisa rasilimali watu aliisoma mbele yangu, akaweka ncha ya kalamu chini ya neno "nilioupanga," akalipigia mstari mara mbili. "Dada yangu," akasema, "ugonjwa haupangwi. Ukipanga mwenyewe, unatumia likizo yako mwenyewe." Kwa maneno mengine, nichukue siku zangu 28 za likizo ya mwaka, na zikiisha kabla sijapona, nikae nyumbani bila malipo.

Nilitoka pale nikiwa nimekubali nusu nusu, na wale niliowauliza walizidi kunichanganya. Mwenzangu wa zamu alinishauri nimwombe daktari aandike kwamba ni dharura, jambo ambalo lingekuwa uongo na lingemweka matatani mtu aliyekuwa akinisaidia. Shangazi alinisihi ninyamaze, maana kazi hazipatikani. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa serikali, alinieleza taratibu za watumishi wa umma kwa kirefu na kwa uhakika mkubwa, lakini taratibu hizo ni zao. Sisi wa viwanda binafsi tunasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Aliyenifaa ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani, kijana mpole ambaye hakunishauri neno lolote bali alinipa kivuli cha kurasa chache za sheria hiyo na kuniambia, "Kasome mwenyewe, dada, kisha urudi tuzungumze."

Nilisoma usiku uleule. Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa likizo, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mzunguko wenyewe ni wa miezi 36, unaohesabiwa tangu mtu aajiriwe au tangu mzunguko uliotangulia umalizike. Lipo pia sharti la kutimiza kwanza miezi 6 kazini, ila halikunihusu, kwani nilikuwa na zaidi ya miaka 4. Nilikisoma kifungu hicho neno kwa neno nikitafuta mahali kinapoutenganisha ugonjwa wa ghafla na ugonjwa ambao matibabu yake yamepangiwa tarehe, na sikupaona. Nilichokiona ni sharti la cheti cha daktari: asiyeleta cheti, mwajiri halazimiki kumlipa. Nikaona pia kwamba mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumruhusu mfanyakazi atumie likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili kisheria. Maana yake ni kwamba hata kama ningekubali lile pendekezo la siku 28 kwa hiari yangu, lingekuwa bado si halali.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Badala ya "nilioupanga" niliandika "upasuaji ulioagizwa na daktari kwa ajili ya ugonjwa nilionao," nikaambatisha maelezo ya daktari, na nikataja kifungu. Yeyote anayesubiri upasuaji wa namna hii, iwe ngiri, tezi au mawe ya nyongo, nampa maneno hayo ayatumie kama yalivyo. Siku 2 baadaye niliambiwa kwa mdomo kwamba nimekubaliwa likizo ya ugonjwa. Nilifurahi sana, wala sikudai jibu la maandishi, na hilo lilikuwa kosa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nililazwa Jumatatu, nikapasuliwa Jumanne, nikaruhusiwa Ijumaa. Bima ililipa sehemu kubwa, na mfukoni nilitoa kama laki moja na ushee, pamoja na nauli na vitu vidogo vidogo. Mama alivuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, akanipikia supu ya sato kila siku kwa wiki 3, na hakuniruhusu kuinua hata ndoo ya lita 5.

Mwisho wa mwezi slipu ya mshahara ilikuja kwenye simu. Siku zote za ugonjwa zilikuwa zimelipwa nusu, na chini yake palikuwa na mstari uliosomeka "utoro, siku 3." Nilisimama nikiwa nimeshika tumbo kwa mkono mmoja, nikausoma mstari huo mpaka macho yakaniuma. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuwa mtoro.

Nilizitandaza karatasi zangu zote kitandani. ED ya kwanza, yaani ile karatasi ya mapumziko, ilikuwa ya siku 14 kuanzia Jumamosi, hivyo ikaisha siku ya Ijumaa. Kliniki yangu ilikuwa Jumanne iliyofuata, na ED ya pili, ya siku 28, ilianza Jumanne hiyohiyo. Katikati palikuwa na Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zisizo na karatasi. Hakuna aliyekuwa amekosea kwa makusudi. ED iliandikwa kwa wiki kamili na kliniki ikapangwa kwa siku ya kliniki, na mimi sikuzilinganisha tarehe nilipokuwa bado mbele ya daktari, wakati ambapo kuongeza siku 3 kungechukua nusu dakika ya kalamu yake.

Nilikwenda hospitali kwa bajaji, kwa sababu mtu mwenye kidonda cha tumbo asithubutu kupanda bodaboda kwenye barabara za mawe za vilima vya Mwanza. Nilimwomba daktari aniandikie ED ya siku zile. Alikataa kwa upole, akasema hawezi kutia tarehe ya nyuma, na ninamheshimu kwa hilo. Kisha akaniuliza iko wapi karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Nilikuwa nayo, imekunjwa mara 4, na pembe yake ina doa la supu. Akaifungua, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ambao mimi sikuwa nimeusoma hata mara moja: mgonjwa apumzike nyumbani hadi siku ya kliniki. Tarehe ya kliniki ilikuwa imeandikwa palepale, na sahihi na muhuri vilikuwepo. Cheti cha siku 3 zile nilikuwa nacho tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, akaniandikia na ripoti fupi kwamba kwa upasuaji ule na kwa kazi yangu ya kunyanyua mizigo, nisirudi kazini kabla ya muda alioniandikia kwisha.

Nikaandika barua ya tatu, nayo ilikuwa ya hesabu. Mwaka uliotangulia, ndani ya mzunguko huohuo, niliugua malaria siku 9. Nikaongeza siku 5 za wodini, siku 14 za ED ya kwanza, siku 3 za karatasi ya kuruhusiwa na siku 28 za ED ya pili, nikizihesabu zote pamoja na Jumapili ili nisiambiwe kwamba nimejipendelea. Jumla ni siku 59. Nusu mshahara ingeanza siku ya 64, na mimi sikuwa nimeifikia.

Safari hii sikukubali jibu la mdomo. Nilinunua kaunta buku, nikachora safu za tarehe, kilichopelekwa, jina la mpokeaji na sahihi, kama daftari la kupelekea barua la ofisi yoyote. Mdogo wangu alilipeleka pamoja na barua. Dada wa mapokezi alisita, akauliza kama ni lazima kusaini. Mdogo wangu akamjibu, "Shikamoo dada, nimeambiwa nisiondoke bila sahihi," akaketi kwenye benchi. Alikaa karibu saa nzima, na hakuinua sauti hata mara moja. Sahihi ilipatikana, na muhuri wa kampuni ukagongwa juu ya nakala yangu. Siku hiyohiyo alipitia ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akaniletea fomu namba 1 ya kufungulia mgogoro, kwani madai ya aina hii hufunguliwa ndani ya siku 60, na nilikuwa nimeanza kuzihesabu tangu siku ya slipu. Niliijaza yote, nikamtumia afisa rasilimali watu picha yake, nikamweleza kwa adabu kwamba ninasubiri jibu lake kabla ya kuiwasilisha.

Sikulazimika kuiwasilisha. Nilirudi kazini Jumanne, nikapewa kazi ya kuandika lebo kwa wiki 2 za mwanzo, na mshahara wa mwezi huo ulikuja na nyongeza ya kila kilichokatwa, zikiwemo siku 3 za utoro. Barua ya majibu ilikuwa na mistari miwili tu na haikuomba radhi, lakini ilisema kwamba likizo yangu imetambuliwa kuwa ya ugonjwa, kwa malipo kamili, siku zote 50. Hadi mzunguko wangu uishe nimebakiwa na siku 4 za malipo kamili na 63 za nusu, na nimeziandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Wiki iliyopita kaka mmoja wa chumba cha ubaridi, anayesubiri kupasuliwa ngiri, alikuja kuliazima ili anakili safu zake. Barua yake ilikuwa mfukoni, na ilianza kwa maneno "upasuaji nilioupanga." Tulikaa kwenye benchi la kubadilishia buti, tukaiandika upya kabla zamu haijaanza.