Kumbukumbu ya mradi: kruasani za mtihani wa CAP Pâtissier

Wiki ya 1. Mizani na hesabu ya maji

Lengo la mradi ni moja: kutoa kruasani 18 (vitafunwa vya donge la hamira lililokunjwa na siagi) zinazolingana, matabaka yake yakionekana, ndani ya muda wa mtihani wa CAP Pâtissier, cheti cha taifa cha Ufaransa kwa wapishi wa keki na vitafunwa vya oveni. Mtihani wa vitendo una sehemu mbili. Ya kwanza, ya saa 5 na dakika 30, ni ya madonge ya kukunjwa, biskuti ndogo na keki za safari, yaani zile zinazokaa siku kadhaa bila friji. Ya pili, ya saa 5, ni ya keki za krimu na keki ndogondogo. Nguvu nyingi nimeziweka kwenye sehemu ya kwanza, kwa kuwa donge lenye hamira halimsubiri mtu.

Kila kitu kinapimwa kwa gramu, maji na mayai pia. Kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa huweza kupishana kwa gramu 30, na kwenye kruasani gramu 30 ni tofauti kati ya donge linalonyooka na donge linalorudi nyuma kama mpira. Yai la wastani bila ganda ni gramu 50 hivi: ute 30, kiini 20.

Vipimo vya donge la msingi vilivyobaki baada ya kurekebisha mara mbili: unga gramu 500 (nusu T45 yenye nguvu, nusu T55), chumvi 10, sukari 60, hamira mbichi 20, maji 130, maziwa 120, siagi laini 50. Siagi ya kukunjia ni gramu 250, mbali na hiyo 50. Namba za unga wa Ufaransa hutokana na majivu yanayobaki unga ukichomwa: T55 huacha takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, T45 huacha pungufu ya hapo. Namba hiyo inaeleza weupe wa unga, haielezi nguvu yake. Kujua nguvu, soma protini kwenye mfuko. Kwa kazi hii tafuta asilimia 11 hadi 12. Mwenye hamira kavu ya chengachenga atumie gramu 7 hadi 8 badala ya zile 20.

Joto la maji halikisiwi kwa kidole. Jikoni tunatumia namba ya msingi, 54 kwa mashine tuliyonayo: jumla ya joto la chumba, la unga na la maji iwe nyuzi 54. Chumba kikiwa 21 na unga 20, maji yawe nyuzi 13, na donge litatoka kwenye mashine likiwa 23 au 24. Mashine inayokanda kwa kasi zaidi hulipasha donge, hivyo namba yake hushuka.

Hesabu hiyohiyo ipeleke Dar es Salaam wakati wa kaskazi. Jikoni nyuzi 31, unga uliokaa stoo 29, jumla 60 tayari. Maji yatakiwe kuwa hasi 6, jambo lisilowezekana. Dawa ni kuuweka unga kwenye friji tangu usiku. Ukifika nyuzi 8, maji yanarudi kuwa 15 na kazi inakwenda. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu mapishi mengi ya Ulaya husema tu "maji baridi", na anayeyafuata Mombasa au Tanga anapata donge lililoanza kuumuka kabla siagi haijaingia, kisha anailaumu hamira.

Wiki ya 2. Kufungia siagi

Anayejua chapati za kusukuma zinazochambuka ameshaelewa nusu ya kazi: mafuta katikati ya unga, kukunja, kupumzisha, kusukuma tena. Tofauti ni kwamba chapati hupakwa mafuta ya maji au samli laini, ilhali siagi ya kruasani lazima ibaki ngumu kiasi mpaka mlango wa oveni ufungwe. Siagi ya kawaida ya Ufaransa isiyotiwa chumvi ina mafuta yasiyopungua asilimia 82 na maji yasiyozidi 16. Maji hayo ndiyo yanayogeuka mvuke na kunyanyua kila tabaka. Siagi ikiyeyuka mapema, unga huinywa, na unachokula ni mkate wenye siagi.

Siagi ya kukunjia yenye mafuta asilimia 84 ina unafuu kwa sababu huyeyuka kwa joto la juu kidogo na hupindika bila kukatika. Kama hakuna, ya 82 inafanya kazi ila haitaki mchezo.

Hatua zilizofanikiwa: donge likandwe dakika 4 taratibu na dakika 5 kwa kasi ya pili. Litandazwe liwe bapa, lifunikwe plastiki ikiligusa, likae friza dakika 20 na friji dakika 25. Siagi ipigwe kwa mpini wa kusukumia kati ya karatasi mbili iwe mraba wa sentimita 20 kwa 20, unene milimita 7. Donge lisukumwe liwe 20 kwa 40, siagi iwekwe katikati, pande mbili zikutane juu yake bila kupandana.

Hapa ndipo kipimajoto kinapolipa gharama yake. Donge liwe nyuzi 4 hadi 6, siagi 13 hadi 15. Asiye na kipimajoto aipime siagi hivi: pinda kona ya bapa la siagi juu ya ukingo wa meza. Ikikatika, bado ni baridi. Ikiacha alama ya kidole na kung'aa, imepitiliza. Inayofaa hupinda kama ngozi ya mkanda na kurudi bila ufa.

Trei ya kwanza ilitoka na mabaka: siagi ilikuwa nyuzi 8, ikavunjika vipande ndani ya donge wakati wa kusukuma. Kwa nje unaona visiwa vya njano chini ya ngozi ya unga, kama ramani. Ukiona hivyo, usiendelee kusukuma kwa nguvu. Acha donge mezani dakika 5, kisha ligandamize kwa mpini kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kulivuta. Visiwa vidogo huungana. Vikubwa havirudi, na donge hilo lifanye kazi nyingine.

Wiki ya 3. Matabaka 12 au 27

Nimejaribu njia mbili kwa donge lilelile. Mkunjo mmoja wa nne na mmoja wa tatu huleta matabaka 12 ya siagi. Mikunjo mitatu ya tatu huleta 27. Ya 12 hutoa kruasani yenye vyumba vikubwa ndani na ganda linalopasuka vizuri. Ya 27 hutoa ndani laini zaidi, karibu na mkate wa maziwa, na kwa mkono mzito matabaka huungana kabisa. Nimeamua 12. Huokoa nusu saa ya kupumzisha, na kwa jikoni lenye joto kila safari moja mezani inayopungua ni faida.

Kila kabla ya kusukuma, zungusha donge ili ubavu uliokunjika uwe kushoto, kama uti wa kitabu. Vumbi la unga lililobaki juu lifagiliwe kwa brashi kabla ya kukunja, kwani unga mkavu kati ya matabaka huzuia kushikana na huacha mapengo yanayofunguka kwenye oveni. Kati ya mikunjo, friji dakika 30.

Kabla ya kukata, donge ligawanywe mawili. Kila nusu isukumwe hadi sentimita 30 kwa 48, unene milimita 3.5, kisha kingo zikatwe libaki 28 kwa 46. Pembetatu ziwe na kitako cha sentimita 9 na urefu wa 28: zinatoka 9 kila nusu, gramu 50 hivi kila moja. Kisu kishuke wima. Kikiburuzwa hufunga matabaka ya ukingo, na ukingo uliofungwa hauinuki. Vipande vya kingo vipangwe kwa kulala, visifinyangwe, viende kwenye chombo kidogo cha keki pamoja na sukari.

Donge linalojikunyata baada ya kusukumwa limechoka. Kulivuta hakusaidii. Lirudishe friji dakika 10, likirudi litatii.

Wiki ya 4. Kuumua, mahali pa hasara kubwa

Nyuzi 26, unyevu asilimia 75 hadi 80, saa 2 kasoro kidogo. Nyumbani, oveni iliyozimwa yenye bakuli la maji ya moto chini inatosha, mradi kipimajoto kikae ndani muda wote. Katika jaribio moja joto lilifika 31. Baada ya saa moja kila kruasani ilikuwa imekaa kwenye kidimbwi cha mafuta. Zilipooka zilikaangika chini na ndani hakukuwa na tabaka hata moja. Jikoni la pwani mchana liko juu ya nyuzi 26 bila msaada wowote, hivyo huko kuumua kufanyike alfajiri au chumba chenye kiyoyozi, kwa muda mrefu zaidi.

Dalili ya kuiva kwa uumukaji: tikisa trei taratibu, kruasani zitetemeke kama jeli, na ubavuni matabaka yaanze kuachana yenyewe. Iliyoumuka pungufu hupasuka pembeni na kuacha shimo moja kubwa chini ya ganda, ndani kukiwa kumebana. Iliyopitiliza hubonyea ukiipaka yai na haisimami tena.

Yai la kupaka: yai zima moja, kiini kimoja, maziwa gramu 20, chumvi kidogo sana, lichujwe. Brashi ifuate mviringo wa kruasani na isiguse kingo zilizokatwa. Yai likichirizika hapo linagundisha matabaka, na kosa hilo huonekana kwa mbali.

Oveni ya feni nyuzi 180, ishushwe hadi 170 baada ya dakika 5. Jumla dakika 16 hadi 18. Rangi iwe ya kahawia iliyokolea mpaka kwenye mikunjo ya ndani. Kruasani ya rangi ya maziwa hunywea ikipoa kwa sababu kuta zake bado zina maji. Zihamishiwe kwenye waya mara moja.

Wiki ya 5. Shu na krimu, kwa ufupi

Donge la shu (choux, vitafunwa vyenye uwazi ndani wa kujazwa krimu): maji 125, maziwa 125, siagi 100, chumvi 4, unga 150, mayai takriban 250. Baada ya unga kuingia, koroga motoni mpaka utando mwembamba ushike chini ya sufuria, kisha poza hadi nyuzi 60 kabla ya mayai. Gramu 30 za mwisho za mayai ziingie kidogokidogo: donge likining'inia kwenye mwiko kwa ncha ya herufi V, simama hapo, hata kama yai limebaki. Likizidi, shu hutandaa. Oveni isifunguliwe kabla kuta hazijakauka. Mvuke ndio nguzo pekee inayozishikilia.

Krimu ya patisieri ya kujazia: maziwa 500, viini 100, sukari 100, wanga wa mahindi 45, siagi 50, vanila. Katika jaribio moja ilirudi kuwa maji siku ya pili, na sababu ilikuwa kuitoa motoni mara tu ilipoanza kuwa nzito. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga. Lazima krimu ichemke dakika moja hadi mbili huku ikipigwa ili kimeng'enya hicho kife. Kisha itandazwe kwenye trei, plastiki iiguse juu, na ishuke kutoka nyuzi 63 hadi chini ya 10 ndani ya saa 2. Hiyo ni kanuni ya usafi ya Ufaransa.

Kwa Waislamu wanaosoma huku: jelatini ya karatasi inayouzwa Ufaransa mara nyingi ni ya nguruwe. Ya ng'ombe na ya samaki zinapatikana. Angalia namba ya nguvu (Bloom): ya 200 ibadilishwe kwa ya 200, ili vipimo visibadilike. Ya unga iloweshwe kwa maji mara 6 ya uzito wake. Pombe kwenye sharubati ya keki ibadilishwe kwa uzito uleule wa sharubati yenye maji ya waridi au hiliki. Mweleze mwalimu mapema, kabla ya siku ya kupima malighafi.

Wiki ya 6. Ratiba ya saa 5 na dakika 30

Ratiba ya kruasani iliyofanya kazi mara tatu mfululizo, saa zikihesabiwa tangu kuanza mtihani: kupima hadi dakika ya 15, kukanda hadi ya 25, baridi dakika 45, siagi na mkunjo wa nne kufikia saa 1:20, baridi, mkunjo wa tatu saa 1:55, baridi, kukata na kukunja saa 2:35 hadi 2:55, kuumua hadi 4:40, kuoka 4:45 hadi 5:03. Vipindi vya baridi ndivyo nafasi ya biskuti na keki ya safari. Keki ya safari iingie oveni kabla ya saa 3, maana huhitaji joto la chini kwa muda mrefu, na oveni inatakiwa iwe imefika 180 kabla kruasani hazijafika mlangoni.

Tatizo lililobaki: kruasani za mstari wa nyuma wa trei hutoka na rangi nzito kuliko za mbele. Jaribio linalofuata ni kugeuza trei dakika ya 11, ganda likiwa limeshika, na kupunguza idadi kutoka 9 hadi 8 kwa trei ili hewa ya feni ipite kati yake.