Simu ya tachi kwa bando la buku mbili: nilivyoachana na ushauri wa wataalamu

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa nilipotaka kununua simu ya tachi ulitoka kwa mtoto wa kaka yangu, na ndiye anayeaminika kwa mambo ya simu katika ukoo mzima. "Shangazi, bila GB kumi kwa mwezi hiyo simu itakuwa pambo la kabati." Naandika haya ili ajue, pamoja na wenzake wenye mdomo kama wake, kwamba huu ni mwaka wa pili simu inapiga kazi kila siku ya Mungu kwa bando la buku mbili, yaani shilingi elfu mbili, kwa wiki. Wiki nyingine linabaki.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani, Tanga. Miaka yote nilikuwa na kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, na sikukilalamikia. Kinakaa na chaji mpaka unasahau waya umeuweka wapi. Kikidondoka, unaokota betri, unaokota mfuniko, unarudishia, maisha yanaendelea. Walionihamisha ni wateja. Siku hizi hakuna anayekuja na kitambaa akakueleza mshono kwa mdomo, anakwambia tu "Fundi, nakurushia WhatsApp." Basi picha zikawa zinakwenda kwa binti yangu aliyeko Dar, halafu ananipigia kunisimulia: "Mama, shingo ni ya boti, mikono ina puto kidogo, chini ina mkia." Mkia wa mbele au wa nyuma? Mrefu kiasi gani? Kuna gauni la kitchen party tulilolishona kwa masimulizi hayo, lakini tuliache hilo.

Kununua kwenyewe sina mengi. Laki mbili kasoro kidogo, mpya, laini mbili, 4G. Ila kabla sijafungua pochi nilibonyeza *#06# pale pale kaunta, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ikatokea, nikaituma kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, na jibu lilipokuja nikalilinganisha na kilichoandikwa kwenye boksi. Kijana wa duka akaniuliza, "Mama, huniamini?" Nikamwambia Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima, yangu ilikuwemo, na aliyeniuzia naye alikuwa na uso mzuri tu.

Kijana huyo huyo akataka kunifungulia akaunti ya Google. "Nipe dakika mbili mama, nakufungulia bure." Hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Anafungua akaunti kwa jina analolijua yeye na neno la siri analolijua yeye, wewe unaondoka umefurahi. Mwaka ujao simu inagoma, fundi anaifuta yote ianze upya, na ikiwaka inadai ile akaunti ya mwanzo kabla haijakuruhusu kuingia. Unarudi dukani, kijana kashahama. Jirani yangu muuza vitumbua ana simu nzima, nzuri, ipo kabatini kwa sababu hiyo. Mimi nilimwambia naiwasha mwenyewe nyumbani, nikaiwasha, nikachagua Kiswahili, nikajaza jina na tarehe ya kuzaliwa, kwisha.

Lililonisumbua ni neno la siri. Kila mtu anasema usiliandike popote. Mimi nina miaka hamsini na kidogo, na kichwa kimejaa viuno vya watu. Nikalifanyia hila ambayo mpaka leo najisifia. Daftari langu la vipimo lina wateja wengi kweli kweli, kila ukurasa jina juu, chini bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikamwongeza mteja mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa. Ana jina, ana aina ya kitambaa, ana vipimo, na ukivisoma kwa mpangilio ninaoujua mimi unapata neno zima la siri. Mwizi akilichukua hilo daftari atadhani huyo mama ana nyonga za ajabu tu. Na kabla hujaanza safari ya Ngamiani kulitafuta, nilishambadilishia vipimo.

Laini nayo ilikuwa na kisa. Ya kiswaswadu ilikuwa kubwa, tundu la simu mpya dogo. Nikaambiwa nikate kwa mkasi, "si una mkasi wewe?" Mkasi wangu wa kukatia vitenge haugusi hata karatasi, sembuse plastiki. Nilikwenda kwa wakala, nikatoa namba ya NIDA na kidole, nikapewa laini ndogo kwa namba ile ile, elfu moja na ushee. Hiyo ndiyo ya WhatsApp na intaneti. Namba ya hela, ambayo ni laini yangu nyingine, nikaiacha kwenye kiswaswadu na sijaihamisha. Simu ya tachi inashikwa na wateja wakinionyesha mishono, wajukuu wakicheza, na mwizi wa kwenye daladala anaitamani. Kiswaswadu hakitamani mtu.

Sasa tuje kwenye bando, ambako ndiko kijana wetu alikoniangusha.

Alikuja Jumamosi kunisetia simu. "Shikamoo shangazi, lete mashine." Akakaa nayo karibu saa nzima, anabonyeza, anapiga mluzi. Kwa hela yangu akanunua GB mbili za siku tatu, akasema hizo za kuonjea. Akaingia WhatsApp akaweka tiki kila mahali: picha, sauti, video, nyaraka, zote zijishushe zenyewe, "usipate tabu ya kubonyeza bonyeza, shangazi." Duka la programu akaliambia lisasishe kila kitu kwa mtandao wowote utakaopatikana. Simu ikauliza kama ijisasishe na mfumo wake, akakubali. Halafu akaniunga kwenye magrupu ya ukoo, ya kamati ya harusi ya binamu yake, na ya watu waliosoma na marehemu mume wangu, ambao sikujua hata kwamba wana grupu. Akanywa chai, akaondoka.

Nikaiweka simu juu ya meza ya kukatia nikaendelea na kazi yangu. Baada ya muda naona imekuwa ya moto, nikadhani ni jua la dirishani, nikaisogeza. Ikawa inalia, inanyamaza, inalia. Sijaigusa. Alasiri ukaingia ujumbe kwamba nimetumia asilimia 75 ya bando langu. Nimetumia mimi? Mimi niliyekuwa nimeinamia bitana tangu adhuhuri? Magharibi haijaadhiniwa ukaja wa pili: bando limekwisha. Nikafungua kuangalia nimepata nini. Send-off nzima ya mtoto wa watu, imekatwa vipande vipande vya video. Mzee mmoja wa grupu la marehemu anatuma mawaidha ya asubuhi yenye maua yanayochezacheza. Michezo ya gari iliyokuja na simu, imesasishwa yote, sasa ina magari mapya. Kazi yangu? Picha mbili za mshono.

Nilipompigia akacheka. "Ndiyo maana nilikwambia GB kumi." Jibu hilo ndilo lililonipandisha. Shimo umelichimba wewe, halafu unaniuzia ngazi!

Mama mmoja tunayepakana kibarazani akaja na dawa nyingine: zima data mchana kutwa, washa jioni mara moja. Nikajaribu. Ukiwasha jioni mafuriko yote ya mchana yanaingia kwa pamoja, na MB zinazoondoka ni zile zile. Faida hakuna, na mteja aliyeuliza saa tatu asubuhi kama gauni liko tayari amekwishachukia na kwenda kuulizia kwa fundi mwingine.

Nikasema basi, hii simu nitaipima kama ninavyompima mteja, kabla ya kukata kitambaa. Kwanza nikaondoa tiki zote za yule bwana. WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha upakuaji wa midia: kwenye data ya simu hakuna kinachojishusha, hata picha. Picha ninayoitaka nitaigusa mwenyewe. Duka la programu: kusasisha kwa Wi-Fi pekee. Kuhifadhi picha kwenye akaunti: Wi-Fi pekee. Halafu kwenye mipangilio ya mtandao nikawasha Kiokoa Data, ambacho kinazizuia programu zisinyonye bando kwa siri wakati huziangalii, nikairuhusu WhatsApp peke yake ipite. Magari ya michezo niliyafuta yote. Magrupu sikujitoa, maana kujitoa kwenye grupu la ukoo ni kesi ya vikao, ila niliyanyamazisha. Na elewa kwamba kunyamazisha peke yake kunazima kelele tu. Kinachookoa bando ni kuziondoa zile tiki.

Ndipo nikapima. Kila jioni nikifunga cherehani naingia kwenye matumizi ya data, pana orodha ya kila programu na ilichokula, naandika nyuma ya daftari. Nilifanya hivyo wiki kadhaa, na nilikuta kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyeniambia. Picha ya mshono iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida haifiki hata MB moja. Sauti ya mteja anayelalamika, hata alalamike kwa kirefu, ni kidogo pia. Video moja ya dakika moja inaweza kumeza kuliko picha zote za wateja wa siku hiyo. Jumla yangu ya wiki ilikuwa kama MB mia mbili, wiki ya pilikapilika mia tatu na kitu. GB kumi kwa mwezi ningezifanyia nini, nizipige pasi?

Kuchagua bando baada ya hapo kulikuwa kwepesi, ila kuna mtego. Ukigawa hela kwa MB, bando kubwa la mwezi ni rahisi siku zote, na hapo ndipo wanapokukamata. Hesabu yangu mimi nagawa hela kwa MB nilizotumia, siyo nilizonunua, kwa sababu zinazobaki zinakufa muda ukiisha. Kwa hesabu hiyo bando la mwezi lilikuwa ghali karibu mara mbili. Bando la siku nalo halinifai: siku moja wateja wanamiminika, kesho yake kimya, lakini saa ishirini na nne zinahesabika vile vile. La wiki ndilo lililonikaa. Kulipata kwenye menyu kunahitaji subira, maana ukurasa wa kwanza umejaa ya bei kubwa na ya mchanganyiko wa dakika ambazo sizihitaji, dakika ninazo kwenye kiswaswadu. Endelea mbele, usichoke, yale madogo yamekaa nyuma.

Mwezi wa Ramadhani nabadili. Kumi la mwisho kila mtu anataka nguo ya Idi na kila mtu ana picha nne za mshono, ya mbele, ya nyuma, ya mkono, na ya msanii aliyeuvaa. Hapo nanunua la mwezi bila kinyongo, na linaisha.

Salio la kawaida kwenye laini ya tachi siweki kabisa. Bando likiisha usiku na salio lipo, na laini imeruhusiwa kuendelea bila bando, unaweza kuamka ukakuta limeliwa na intaneti isiyo na bando, ambayo ni ghali mno. Bando lenyewe nalinunua moja kwa moja kwa hela ya kwenye simu, kutoka kiswaswadu kwenda namba ya tachi, kwa hiyo ule upande mwingine hauna hata senti ya kuliwa. Mtoto wa kaka alipoiona hiyo alinyamaza kidogo, halafu akasema hata yeye huwa anafanya hivyo. Haya.

Kusasisha programu nafanya nikienda kwa mdogo wangu Raskazone, ana Wi-Fi. Nafika, nasalimia, nauliza neno la siri la Wi-Fi kabla ya maji ya kunywa. Status za watu nazo nazifungulia huko huko.

Na zile tarakimu sita zinazokuja kwa SMS unapofungua WhatsApp, usimpe mtu, hata akiwa na picha ya mwanao kwenye profaili. Mimi nilishaandikiwa na "mteja" kwamba amekosea, tarakimu zake zimekuja kwangu, nimrudishie. Nilimuuliza kiuno chake ni inchi ngapi. Hakujibu tena.

Kitu kimoja tu ndicho kinachonivurugia hesabu: binti yangu anapenda kunipigia video. Nilidhani akipiga yeye ndiye anayelipia, kama simu za kawaida, kumbe video inakula pande zote mbili. Tumekubaliana iwe Jumapili jioni. Muda ukikaribia nanunua lile bando dogo la saa moja, kama mia tano hivi, tunaonana, namwonyesha nguo nilizomaliza. Saa ikikaribia kwisha namwambia akate, na hakati.