Laptopu ililala ikakataa kuamka: nilivyoirudisha bila kupiga Windows upya

Nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Dodoma: kuchapa, kuprinti, kufunga vitabu. Msimu wa wanafunzi kukabidhi tafiti zao, kwenye laptopu moja huwa nimefungua kazi za watu wanne au watano kwa mpigo. Mashine ikilala halafu ikagoma kuamka katika hali hiyo, ukishikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, kila kilichokuwa hakijahifadhiwa ndiyo basi tena. Na aliyekaa mbele yako anauliza, "Dada, kazi yangu ipo?" Kwa hiyo tatizo hili sikutaka kulikwepa. Nilitaka kulijua lilipo.

Mashine yenyewe niliinunua Kariakoo, ya mtumba, RAM ya gigabaiti 8, na ilinifanyia kazi vizuri muda mrefu. Ghafla ikaanza tabia moja: nikiifunika nikaenda kula, nikirudi nikaifunua, taa ya umeme inawaka, feni inazunguka, kioo ni cheusi tii. Gusa kibodi, telezesha kidole, wapi. Fundi wa jirani aliitazama akasema, "Dada, hii tuipige Windows tu." Simlaumu, ni njia inayotibu mengi na wateja wake hawana muda. Ila kupiga Windows upya maana yake ni kuanza tena kuweka draiva za printa (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa), fonti za wateja na programu zote, na kama chanzo ni kitu kinachojirudisha chenyewe kupitia intaneti, baada ya wiki mbili mnaonana tena. Nikamwomba nikae nayo kwanza.

Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: je, kompyuta haijaamka, au imeamka ila kioo ndicho hakijaamka? Kwa macho mambo hayo mawili yanafanana kabisa, lakini tiba zake ziko mbalimbali. Kuyatofautisha ni rahisi. Bonyeza Caps Lock uangalie kitaa chake. Kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mfumo uko hai na unakusikia. Kikikaa vilevile, mashine imeganda au bado haijatoka usingizini. Changu kilikuwa kinaitika kila mara. Na nikiwa nimekiinamia hivyo, ukalia mlio wa ujumbe wa WhatsApp kutoka ndani ya laptopu ileile niliyoambiwa imekufa. Nilifurahi kweli, maana nilijua kazi za watu ziko salama humo ndani.

Nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi ya simu na kuimulika kwenye kioo kwa pembeni, karibu kabisa. Hii ni kwa sababu taa ya nyuma ya kioo ikifa, picha huwa bado ipo, na kwa tochi utaona maandishi kwa mbali kama kivuli. Mimi sikuona kitu. Kwa hiyo si taa. Picha yenyewe haikuwa inafika kwenye kioo. Kisha nikachomeka kebo ya HDMI kwenye monita ya zamani ya dukani, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ili kubadili namna ya kuonyesha, na ukurasa wa kuingizia nywila ukajitokeza. Nikaingia, kazi zote zilikuwa wazi kama nilivyoziacha, kishale kikipepesa katikati ya sentensi. Nikahifadhi moja baada ya nyingine. Asiye na monita bado anaweza kujiokoa: bonyeza Enter, andika nywila gizani, Enter tena, subiri kidogo, halafu Ctrl na S. Kama dirisha la kazi ndilo lililokuwa mbele, na faili lilishapewa jina, litahifadhiwa bila wewe kuona chochote.

Baada ya hapo nikabonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Mchanganyiko huo unaianzisha upya draiva ya picha bila kugusa programu zilizofunguliwa. Kikasikika kilio kifupi, "bip", na kioo cha laptopu kikarudi. Ningekuwa na uwezo ningeubandika mchanganyiko huu kwenye ukuta wa kila steshenari. Umeniokoa mimi na majirani zangu wawili.

Lakini ile ilikuwa huduma ya kwanza. Nilitaka ushahidi. Windows ina daftari lake la matukio, Event Viewer, na ndani ya sehemu ya System kuna rekodi zinazoandikwa na kitu kinachoitwa Power-Troubleshooter, namba ya tukio 1. Rekodi hiyo inataja muda mashine ilipolala na muda ilipoamka. Mwanzoni saa zilinitatiza, maana muda wa kuamka ulikuwa umeandikwa 11:10, saa tano asubuhi, wakati nina hakika niliifunua baada ya chakula cha mchana. Kumbe saa hizo ni za UTC, yaani saa za kimataifa za marejeo, ziko nyuma yetu kwa saa 3. Ongeza 3 unapata saa nane na dakika kumi mchana, muda uleule niliofunua. Mashine ilikuwa imeamka kwa wakati, ikaandika kabisa kwamba imeamka. Kioo ndicho kilichobaki nyuma.

Nikafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, kwenye Display adapters, nikaangalia draiva ya picha. Nikalinganisha na historia ya apdeti: draiva mpya ilikuwa imeingia siku chache tu kabla ya tatizo kuanza. Kitufe cha kurudisha ya zamani, Roll Back Driver, kilikuwa kimefifia hakibonyezeki, hali inayotokea mfumo ukiwa hauna nakala ya zamani ya kurudia. Basi nikageuza laptopu, nikasoma namba ya modeli kwenye stika ya chini, nikaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji na kupakua draiva iliyotolewa kwa modeli hiyohiyo. Nikaiondoa iliyokuwepo, nikiweka tiki ya kufuta na faili zake, nikaweka ile niliyopakua, nikabonyeza Restart.

Nasema Restart kwa kusudi, si Shut down. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup, na ikiwa imewashwa, Shut down haizimi kila kitu. Kiini cha mfumo na draiva huhifadhiwa kwenye diski ili kesho uwake haraka. Watu wengi wanazima na kuwasha wakidhani wameanza upya, kumbe wamerudi palepale. Restart ndiyo inayoanza moja kwa moja.

Laptopu ikatulia, halafu apdeti nyingine ikairudisha draiva ileile na kioo kikarudi kuwa cheusi. Nikaiweka tena ya mtengenezaji, na safari hii nikaingia kwenye Device installation settings na kuchagua No, ili Windows isijiletee draiva za vifaa yenyewe. Apdeti za usalama zinaendelea kuingia kama kawaida. Nimeilaza ikiwa kwenye chaji, ikiwa kwenye betri, kwa muda mfupi na usiku kucha, na inaamka.

Kwa usiku kucha, hata hivyo, sasa natumia Hibernate badala ya Sleep. Kwenye Sleep ya mashine yangu, aina ya usingizi inayoitwa S3, kazi zilizofunguliwa zinakaa kwenye RAM, na RAM inahitaji umeme muda wote. Umeme ukikatika na betri ya mtumba ikaisha, hata kioo kizima hakitakusaidia. Hibernate inaandika kila kitu kwenye diski kisha mashine inazima kabisa. Kujua yako inatumia usingizi gani, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike powercfg /a, itakutajia. Kama Hibernate imezimwa, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike powercfg /h on.

Sasa, kama kitaa chako cha Caps Lock hakiitiki, njia yangu si yako. Kwanza ondoa simu yenye kava la sumaku pale unapoweka viganja, kwa sababu laptopu nyingi hutambua kufunikwa kwa kutumia sumaku na zinaweza kudhani bado zimefunikwa. Isiposaidia, itabidi ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi hadi izime, ukubali hasara, kisha utafute apdeti ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ya modeli yako na umwombe fundi achomoe RAM, aisafishe na kuirudisha. Mwambie pia kitaa cha Caps Lock kilikuwa kinafanya nini, kitamwonyesha pa kuanzia.