BD-Live imezimwa, kitufe kimebaki

Jana nimeweka kwenye deki diski ya Blu-ray niliyoinunua enzi zile kasha likitangaza kwa herufi kubwa BD-Live, yaani huduma ya kupata nyongeza za filamu kupitia intaneti. Nikabonyeza kitufe chake. Duara likazunguka weee, mwisho ikaandika haiwezi kuunganishwa na seva. Intaneti ya nyumbani ilikuwa safi kabisa. Seva ndiyo haipo tena.

Wadogo zangu huenda hamkuikuta hii. Kuanzia 2008 deki zenye BD-Live zilikuwa na sehemu ya kuchomeka kebo ya intaneti, na kumbukumbu ya angalau GB 1. Nyingine zilikutaka uchomeke flashi yako mwenyewe. Filamu ikiwa ndani, unapakua trela mpya na vipande vya nyongeza, na baadhi ziliruhusu kuchati na mwenzako aliye mbali huku mnaitazama pamoja. Kwa intaneti ya wakati ule trela moja ilikula muda hadi chai inapoa, lakini mimi nilipenda.

Kinachoniuma ni kwamba tuliuziwa kitu kilichokaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Diski hiyohiyo ina maelezo ya mwongozaji na vipande vilivyokatwa, vilivyochapwa humo humo, na vinacheza mpaka leo bila kumuomba mtu ruhusa. Studio zinazotoa diski sasa, tafadhali, wekeni kila kitu ndani ya diski.

Mwenye diski ambayo BD-Live yake bado inafunguka aniandikie jina la diski hiyo hapo chini, nataka kuijaribu.