Nyumba kuukuu ya mawe na baridi ya Julai: nilivyoipasha joto kwa pesa kidogo

Nyumba ninayokaa ni ile ya nyuma, kwenye ploti ya zamani upande wa Kabete, Nairobi: vyumba vitatu vya mawe ya kijivu, paa la vigae vya Mangalore, na sebule yenye meko ya ukutani ambayo mtu aliiziba kwa mbao. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu hakuna aliyeitaka. Nilikubaliana na mama mwenye nyumba kwamba vifaa nitakavyonunua vikatwe kwenye kodi, na malipo ya fundi yawe juu yangu. Tuliandikishana, na risiti zote nampelekea. Bila karatasi hiyo nisingegusa hata msumari.

Wageni husikia ikweta wakafikiria joto. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunga anga siku nyingi mfululizo. Ukuta wa mawe usiopata jua mchana hauna joto la kukurudishia usiku. Kuna jioni nilikuwa natoka nje ili nisisikie baridi.

Kila niliyemuuliza alisema ninunue hita ya stima. Piga hesabu: hita ya wati 2,000 hula yuniti mbili kwa saa. Iwashe kwa muda wa saa tano kila jioni, mwezi unaisha umechoma yuniti 300, na joto lenyewe limeshatorokea darini. Nikaamua moto uje mwisho. Kwanza maji, halafu upepo.

Kuta zilikuwa na unyevu hadi magotini, rangi imevimba na kubanduka, nyuma ya kabati kuvu jeusi. Mawe yetu haya ni majivu ya volkeno yaliyogandamana, ndiyo maana yanachongeka kirahisi na ndiyo maana yananyonya maji. Jiwe lililolowa hupitisha joto kuliko lililokauka. Huku nje, udongo wa maua ulikuwa umerundikwa miaka na miaka hadi ukapita kimo cha sakafu, na mfereji wa paa ulikuwa unamwaga maji papo hapo kwenye msingi. Vijana wawili wa mtaa wakashika sululu na jembe, wakashusha udongo, wakachimba mtaro kuzunguka nyumba wenye mteremko kuelekea barabarani, tukaujaza kokoto. Hiyo ndiyo kazi iliyonigharimu kidogo zaidi, na ndiyo iliyobadilisha nyumba kuliko zote.

Kwenye ukuta ndipo tulipovutana na fundi. Chini kulikuwa na plasta ya simenti iliyopigwa zamani ili kuzuia maji. Badala yake ilikuwa imeyafungia ndani ya jiwe. Nilitaka itolewe na viungo vijazwe kwa chokaa.

“Mama, chokaa ni ya kupaka miti na choo cha shule,” akaniambia. “Nipe mfuko mmoja wa simenti, kesho nimemaliza.”

Nikamwomba afanye upande mmoja tu kwa njia yangu. Tuliloweka chokaa usiku kucha kwenye pipa hadi ikawa laini kama maziwa mgando, tukachanganya sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mto. Alichokonoa viungo kwa tindo na nyundo ndogo, pole pole ili asimege kona za mawe, akavilowesha, akakandamiza chokaa hadi ndani. Kisha tukaning'iniza magunia mabichi, maana chokaa ikikaushwa haraka na jua hugeuka unga. Ukuta ule ulipoanza kukauka kutoka juu kwenda chini, fundi mwenyewe ndiye aliyeuliza tunaanza lini upande wa pili.

Vigae vilivyovunjika sikununua vipya. Nyumba za zamani za Kilimani na Kileleshwa zinabomolewa kupisha maghorofa, na vigae, milango na mbao zake huuzwa. Nenda na kigae chako mkononi: geuza, tazama chapa iliyo nyuma, na ujaribu kama vinashikana, kwa sababu vya kiwanda kingine vinaweza kukataa. Kwenye ubomozi huo huo nilipata marobota ya sufi ya kioo, nyuzi za kuzuia joto lisitoroke, nikayatandaza juu ya dari nikiwa na barakoa na glavu. Inawasha vibaya. Mapazia mazito ni ya mitumba, Gikomba.

Meko ya wazi hupendeza macho, lakini huvuta hewa ya joto ya chumbani na kuipeleka dohanini. Baada ya dohani kuzibuliwa (viota vya ndege, gunia zima), nilipeleka vipimo Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Wakanitengenezea sanduku la chuma kizito lenye mlango, tundu la hewa linalofungika na bomba linaloingia dohanini. Ndani nimepanga matofali yanayostahimili moto. Kuni ni mikaratusi, nanunua Januari wakati wa kiangazi na kuipasua ili ikauke kabla ya Juni. Kuni mbichi huacha lami kwenye bomba, na lami hiyo inaweza kushika moto.

Matundu ya hewa juu ya madirisha ya sebule sijayaziba, na jiko la makaa haliingii chumba cha kulala hata kwa dakika. Kaboni monoksaidi haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za waliolala na jiko wasiamke. Chumbani natumia chupa ya maji moto chini ya blanketi.

Bafu bado. Lina dirisha la chuma lililopinda lisilofunga, na mama mwenye nyumba amesema tulizungumzie kodi ya Januari ikifika.