Usiku Fezi Yetu Ilipokatika

Mama mkwe aliposhuka kwenye bajaji na kifurushi cha ubani kutoka Tanga, ndipo nilipojua kwamba habari za ile sauti ninayoisikia usiku zimeshavuka mkoa. Baba Neema ndiye aliyempigia simu. Kwa maoni yake nilikuwa naumwa kitu ambacho hospitali haikioni, na mama yake ndiye mtu wa mambo hayo.

Ilikuwa mwishoni mwa 2023, tumepanga Kinyerezi, na mgawo wa umeme ulikuwa umetukaba koo. Mtaani kwetu mchana mara nyingi hakuna kitu. Unarudi usiku, watu wakijiandaa kulala. Ukirudi tu, na ile sauti inaanza. Mvumo mzito, wa chini, kama lori lililoegeshwa mtaa wa pili na injini haijazimwa. Haupandi, haushuki. Ukitoka uani kuusikiliza unaambulia vyura na mbwa. Ukiingia ndani, huo hapo. Na hata humo ndani una mambo yake: ukisimama katikati ya chumba unafifia mpaka unaanza kujitilia shaka, ukilaza kichwa kwenye mto, pale ukutani, unakujaa kifuani.

Nilinunua vizibo vya masikio duka la dawa. Vikaniondolea feni, vikaniondolea jogoo wa jirani, vikaniacha mimi na mvumo, wawili tu. Ile sponji inazuia sauti nyembamba, nzito inapita.

Baba Neema hakusikia chochote. Neema naye hakusikia. Mama wa nyumba ya mbele alikuja, akakaa kitandani kwangu dakika kadhaa ametega sikio, kisha akaniuliza kama nakula vizuri. Kukosa usingizi nilikuwa nimeanza kukuzoea. Kutazamwa vile ndiko kulikonimaliza.

Daktari alinipima presha, akachungulia masikio, akakuta yote sawa. Halafu akaniuliza swali ambalo nyumbani hakuna aliyefikiria kuniuliza: ukilala kwingine, unaisikia? Nilikuwa nimetoka kulala kwa dada yangu Mbagala, na huko niliamshwa na jua. Akasema mlio unaotoka ndani ya sikio kwa kawaida mtu huenda nao popote. Huu wangu unaonekana una makazi. Nilitoka pale nimefurahi. Baba Neema alichokisikia katika maelezo hayo yote ni kwamba hospitali haijaona ugonjwa, basi akaishika simu akampigia mama yake.

Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu habari za watu kama mimi. Kule Taos, jimbo la New Mexico, Marekani, watafiti walikwenda 1993, wakatega vyombo vyao, wakaondoka bila kupata chanzo. Windsor, Kanada, watu walilalamika kuanzia mwaka 2011 hivi, vipimo vikafanywa, serikali mbili zikahusishwa, kidole kikawa kinaelekezwa kwenye tanuri za chuma ng'ambo ya Mto Detroit. Mwaka 2020 tanuri zikazimwa kwa sababu zake nyingine kabisa, na wakazi wakasema mvumo umekoma. Hiyo ya Windsor niliirudia mara nyingi. Nikawaza: wenzetu walisubiri miaka kitu kizimwe. Sisi tunazimiwa kila siku!

Nikaanza kuuvizia mgawo. Kila ulipokatika umeme, mvumo ulikatika papo hapo. Nikamwambia Baba Neema sijawahi kusikia jini linalofuata ratiba ya umeme. Akajibu kwamba majini nayo ni viumbe, yana utaratibu wao. Siku nyingine umeme ukiwepo nikashusha swichi kuu, nyumba nzima ikawa giza. Mvumo vilevile. Basi si friji yetu, si chochote chetu.

Mama mkwe alifukiza ubani wake, akasoma dua zake, mimi nikaitikia amina kwa moyo mkunjufu maana dua haina hasara. Ilikuwa usiku wa tatu au wa nne tangu afike ndipo feni ilipozimika ghafla. Nikangoja ule ukimya. Haukuja. Kwetu giza, sauti ipo.

Nikachungulia dirishani. Nyumba za upande wetu zote giza, za upande wa juu zinawaka. Ilikuwa fezi moja tu imekatika, yaani njia moja kati ya zile zinazoleta umeme mtaani. Nikakurupuka kwenda kumgongea mama mkwe, nikamkuta ameshaamka kwa swala zake za usiku. Yeye masikio yake mazito, hakuisikia sauti kabisa. Lakini aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani juu ya mto wangu, akakiacha hapo kwa muda.

"Huu ukuta unatetemeka," akasema. "Mwanangu, hii ni mashine. Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge. Korona, ile mashine ya mkonge, ikianza kusaga, sisi watoto tulikuwa tunaijua kwa nyayo."

Tukatoka, yeye na khanga zake mbili, mimi na tochi ya simu. Ukuta wa chumba changu umeungana na ukuta wa uzio, na juu ya uzio kwa upande wa pili kumefungwa bomba la chuma kwa vibano. Nilikuwa naliona kila nikianika nguo. Mama mkwe akalishika. "Huyu hapa," akasema. Tukalifuata kwa kupapasa, nyuma ya viwanja viwili, na kila tulipopanda mtetemo ulizidi mkononi, mpaka kwenye geti la mzee anayeuza maji ya kisima. Kwake umeme upo. Pampu inasukuma maji kwenda kwenye matangi ya barabarani, yanakojaziwa maboza.

Mlinzi alishtuka kuona wanawake wawili getini saa tisa usiku, mmoja mtu mzima. Mama akamsalimia, akasubiri shikamoo yake, kisha akamwomba. Mimi nikarudi mbio chumbani, nikalala kwenye mto, nikampigia.

"Mwambie azime."

Kimya.

"Mwambie awashe."

Ukarudi. Nikarudia tena bila sababu, kwa utamu tu.

Mzee wa kisima si mtu mbaya. Zamani alikuwa anasukuma maji mchana. Mgawo ulipoanza akahamia usiku, kwa hiyo mgawo huohuo ndio ulioniletea balaa na ndio uliolifichua. Alikuja na fundi wake, kijana aliyesoma VETA. Nilimwonyesha programu ya simu niliyokuwa napimia sauti, mstari umesimama karibu na hezi 48, yaani mitetemo 48 kwa sekunde. Akaenda kusoma kibati cha mota: mizunguko 2,900 kwa dakika. Gawa kwa 60, akasema, dada, ni hiyohiyo. Umeme wetu ni hezi 50, na mota za aina ile huzunguka nyuma kidogo ya umeme. Akauliza chumba kina ukubwa gani. Futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Akacheka: mawimbi ya sauti ile yana urefu wa mita saba na ushee, nusu yake inaingia kati ya kuta zako bila kubaki, ndiyo maana kando inavuma na katikati inapotea.

Alikata kipande cha bomba karibu na pampu, akaunganisha mpira mzito, na chini ya mota akaweka vipande vya tairi bovu. Mpira nilinunua mimi, baada ya mabishano. Usiku ule nililala.

Wageni wakija siku hizi, Baba Neema ndiye anayewasimulia. Anasema yeye ile sauti alikuwa akiisikia tangu siku ya kwanza, ila hakutaka kunitia hofu.