Siku moja maishani mwangu: kichwa cha kunguru, mdomo kwanza

Saa 1 asubuhi. Jumamosi sina zamu ghalani, kwa hiyo meza ya kulia imegeuka karakana kabla chai haijachemka. Nimetandaza sponji ya godoro ya unene wa sentimita 2.5, boshori jeusi, bunduki ya gundi ya moto, maka peni na wembe mpya. Natengeneza kichwa cha fasuti, kile kichwa kikubwa cha manyoya anachovaa mtu akawa mnyama wa katuni. Hapa Pittsburgh, Marekani, si jambo la kujificha. Anthrocon, mkutano wa mashabiki wa wanyama wa katuni wanaotembea na kusema kama watu, ulihamia mji huu mwaka 2006, na siku zake zikifika gwaride la mbweha, mbwamwitu na majoka hutoka nje ya ukumbi, karibu na Mto Allegheny, wenyeji wakiwa wamebeba watoto mabegani kulitazama. Mara ya kwanza nilidhani ni tangazo la biashara. Mara ya pili nilikwenda kwa makusudi, nikagundua kwamba mbwa wako tele, ila ndege ni wa kutafuta.

Sababu yake naishika mkononi leo: mdomo. Pua ya mbwa ikienda upande kidogo, manyoya yanaificha. Mdomo wa ndege hauna manyoya. Upo mbele, mtupu, na kila anayekutazama anaanza kuuangalia huo.

Saa 2. Navaa boshori, nachora kwa chaki mahali yalipo macho yangu, navua, nalivisha kwenye ndoo. Halafu sponji: mkanda mmoja unazunguka paji, mwingine unapita utosini toka sikio hadi sikio, kisha mashavu manene. Gundi iwe ya moto wa wastani, ikizidi inakula sponji na vidole. Na usijaze sponji kila mahali. Humo ndani ni joto hata wakati wa baridi. Kwenye mikutano hutengwa chumba chenye mafeni ambako watu huvua vichwa, wakapumua na kunywa maji. Njia ya hewa huachwa mapema, na kwa ndege njia hiyo ni mdomo.

Saa 3. Basi mdomo. Hapa sitaki haraka.

Nachora nusu tu kwenye karatasi, nakunja, nakata, pande mbili zinakuwa sawasawa. Nahamishia kwenye sponji ngumu ya EVA, ile ya malapa. Kingo nazikata mshazari ili zikikutana zifunge bila ufa. Nikizipuliza kwa hewa ya moto zinalainika, nazikunja juu ya chupa, zikipoa hubaki na mkunjo huo. Kuunganisha ni kwa gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane. Ikishika imeshika. Dirisha wazi, barakoa ya mafundi rangi usoni, maana harufu yake haina mzaha.

Mdomo wa kunguru wa kweli ni mrefu. Wangu ni mfupi, mnene, umeachama kama anacheka. Katuni inaruhusu hilo, na miguu yangu inalihitaji: mdomo mrefu unakuzibia ngazi. Ukiwa wazi naiona sakafu kupitia koo, ambalo nimelifunga kwa wavu mweusi, na matundu mawili ya pua juu yanaingiza hewa. Taya la chini nimeligandisha. Taya linalocheza linataka kufungwa imara kidevuni, na kwa anayeanza naona ni kujitafutia kazi.

Saa 6 mchana. Tanga ni saa 1 usiku, mama anapiga simu ya video.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hicho nini mezani?”

“Kichwa cha kunguru, mama. Cha kuvaa.”

“Kuna tausi, kuna kanga, kuna njiwa. Wewe ukachagua mwizi wa dagaa!”

Hana makosa. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na tangu hapo hakuna kifaranga wala samaki wa kuanikwa aliye salama nao. Kunguru hafugiki, akaniambia, akaendelea na habari za harusi ya jirani. Lakini shingo hiyo ya kijivu ndiyo iliyonifanya nimchague. Manyoya meusi matupu humeza kila umbo. Ukipiga picha unapata shimo lenye macho. Kijivu kikizunguka uso, mashavu yanaonekana.

Saa 7. Wali wa jana na maharage.

Saa 8. Macho. Ya ndege halisi hukaa pembeni. Ya katuni husogezwa mbele, yakakaribiana juu ya mdomo. Weupe ni plastiki ngumu iliyotobolewa duara, na mboni ni wavu uliowekwa nyuma yake kidogo. Kwa hilo pengo, mtu akipita kushoto au kulia anahisi kunguru anamfuata kwa macho. Wavu naupaka akriliki nyembamba, kisha napuliza matundu kabla rangi haijakauka. Upande wa ndani mweusi tii: nje kuna mwanga, ndani giza, mimi naona na wao hawanioni.

Saa 10 jioni. Nafunga kichwa chote kwa nailoni ya jikoni, juu yake tepu, nachora mistari ya mishono na mishale ya mwelekeo wa manyoya: yote kuelekea shingoni, kama ndege alivyo. Nikikata tepu napata kiolezo. Kitambaa cha manyoya hukatwa kwa nyuma, wembe ukigusa kitambaa tu. Mkasi ungenyoa na manyoya. Hata hivyo sebule nzima imekuwa nyeusi. Mashavuni nayapunguza kwa mashine ya kunyolea nywele, na hiyo si yangu.

Saa 1 usiku. Mwenye mashine anarudi kutoka kazini, mtoto wa Bukavu, Kongo, tunakaa naye nyumba moja. Huniita yaya, kama kwao wanavyomwita ndugu mkubwa.

“Yaya, hii ndege iko na mudomo mukubwa!”

Namwomba anishike mkono tushuke ngazi, maana aliyevaa kichwa lazima awe na mtu wa kumwongoza. Sakafu naiona. Kulia sioni kitu mpaka nigeuke, kwa hiyo ukingo wa jicho hilo utapunguzwa kabla sijashona. Tulipofika chini akaiona mashine yake, manyoya yamejaa kwenye meno. Akaisafisha kimya kimya, akaniuliza duka linafunguliwa saa ngapi kesho, na nitamnunulia ya rangi gani.